Barabara ipo, basi liko wapi? Hotuba kwa wakazi wa Mbagala kuhusu foleni ya Dar

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, madereva na makonda mliokubali kupoteza tripu ya jioni mkaja kukaa na sisi hapa, vijana wa bodaboda na bajaji, wanafunzi naona bado mna yunifomu, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Nimeombwa niongelee foleni na shida ya usafiri katika jiji letu, na mimi nitaongea kama mtu ambaye ujanani nilining'inia mlangoni mwa daladala nikipokea nauli, baadae nikasomea mambo ya mipango ya usafiri, kwa hiyo mkiniona nachanganya lugha ya kijiwe na lugha ya ofisini mnivumilie.

Mimi naona tunapigania kitu nusu. Kila tukikaa na viongozi tunaomba lami, tunaomba flaiova, tunaomba barabara ipanuliwe, na kwa kweli serikali imejenga, hilo tusilikatae hata kidogo, 2016 tumepata daraja la Kigamboni, 2018 flaiova ya TAZARA, 2021 makutano ya Ubungo yale ya ghorofa tatu, 2022 daraja la Tanzanite pale Salenda, alafu Kimara mpaka Kibaha barabara imekuwa pana mpaka unaogopa kuvuka kwa miguu. Lakini mtu wa hapa Rangi Tatu anaewahi kazini Posta katikati ya mji hapandi lami, anapanda basi. Na basi ndo kitu ambacho hatukiulizii. Tunauliza barabara itaisha lini, ikiisha tunapiga makofi tunaenda nyumbani, hatuulizi mabasi mangapi, yanapita kila baada ya dakika ngapi, nani anayalipa, yakiharibika nani anayatengeneza.

Sisi wa Mbagala tunalijua hili kuliko mtu yeyote katika jiji hili. Ujenzi wa njia ya mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao peke yao, hapa Kilwa Road ulianza 2019, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, tukavumilia vumbi, tukavumilia michepuko, biashara za watu pale Zakhem na Mtoni kwa Aziz Ali zikayumba, tukasema sawa maendeleo yana gharama. Zege likaisha. Vituo vikaisha, vizuri kabisa, na vioo. Alafu tukakaa tunaiangalia, miaka, njia mbili katikati ya barabara hazina kitu, na pembeni yake sisi tumebanana kwenye daladala za Eicher na Coaster tunatembea mwendo wa kinyonga, mpaka mabasi yalipokuja kuanza Oktoba 2025. Mimi sijaja kumlaumu mtu mmoja, nataka tu muone kilichotokea, kwamba mradi ulihesabiwa umefika mwisho wakati kazi yenyewe, ya kumbeba mtu, ilikuwa haijaanza.

Naomba tufanye hesabu kidogo, wanafunzi nisaidieni. Chukua njia moja ya barabara ya mjini yenye mataa na makutano. Kwa saa moja ya asubuhi tuseme zinapita gari ndogo 1,000, na nyingi ndani yuko mtu mmoja, zingine wawili, kwa hiyo tuseme watu 1,500. Sasa njia hiyohiyo upitishe basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungo katikati, linabeba watu kama 150. Likipita moja kila dakika 2, kwa saa ni mabasi 30, watu 4,500. Likipita moja kila dakika, watu 9,000. Hapo mnaona kwa nini wataalam wote duniani wanalisifia hili jambo, wenzetu wa Bogotá kule Colombia walianza mwaka 2000 na njia zao zile za mabasi saa ya watu wengi zinapitisha watu zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, ambayo ni kazi ya treni.

Lakini geuza hesabu. Basi likija kila dakika 20, kwa saa ni mabasi matatu, watu 450. Yaani njia ileile iliyogharimu mabilioni imebeba watu wachache kuliko ingeachiwa gari ndogo! Kwa hiyo zege bila mabasi linatuongezea foleni, maana tumewanyang'anya wengine sehemu ya barabara na hatujampa mtu usafiri. Ndo maana watu wenye gari wakiwa kwenye foleni wanaangalia ile njia tupu kwa hasira, alafu mmoja anaingia, wa pili anaingia, bodaboda zinaingia, magari yenye namba za kiserikali yanaingia, na basi likija linakuta njia yake imejaa. Njia ikipita mabasi mfululizo hakuna anaethubutu kuingia, na hakuna anaeuliza kwa nini ipo.

Wazee hapa mtanisaidia, hii shida haijaanza na mwendokasi. UDA, shirika la mabasi la jiji, ilipokuwa ndo kila kitu, wale wenye umri wangu mnayakumbuka yale mabasi marefu ya Ikarusi kumbakumba, abiria hawakukosa barabara, barabara zilikuwa nyeupe. Walikosa mabasi. Gari ziko gereji, spea hakuna, fedha za kigeni za kununulia spea hakuna, mtu anasimama kituoni asubuhi mpaka jua linakuwa kali. Zikaja gari za watu binafsi, kwanza kwa kujificha, mpaka 1983 serikali ikaziruhusu rasmi, ndo daladala zikashika mji na kwa kweli ziliuokoa mji, hilo naomba tuliseme mbele ya madereva wetu hawa, maana kila mkutano wa usafiri mnatajwa kama watu wa fujo tu. Miaka zaidi ya 40 nyie ndo mmeibeba Dar es Salaam.

Kimara imetokea hivohivo. Mei 2016 mwendokasi imeanza, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita kama 21, mabasi 140, nauli 650, watu walifurahi, mtu alikuwa anatumia saa mbili sasa anafika kwa dakika 45, jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Zile daladala zikaondolewa Morogoro Road. Alafu abiria wakaongezeka, mabasi hayakuongezeka. Depo ikawa imejengwa Jangwani, bondeni kwa mto Msimbazi, mvua kubwa ikija maji yanaingia mpaka kwenye injini, basi ambalo lingebeba watu linakaa gereji. Mabasi mengine 70 yakaletwa, yakakwama bandarini muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Sasa niambieni, ukitoa daladala barabarani na mabasi nayo yakawa yanapungua, yule mama wa Mbezi anaenda wapi? Anapitia dirishani. Tumeona watu wazima na heshima zao wanapandia dirishani, mabinti wanabanwa na kushikwashikwa humo ndani na hawawezi hata kugeuka, mtoto wa darasa la tatu anakosa hewa chini ya makwapa ya watu. Hiyo ni aibu kwetu sote na mimi sitaki niione inahamia Kilwa Road.

Kuna jambo abiria wengi hawalielewi na linawakera sana, naomba niwaeleze. Unasubiri basi nusu saa, alafu yanakuja matatu yameongozana, la mbele limejaa mpaka mlango haufungi, la nyuma watu wamekaa. Unasema hawa wanafanya makusudi. Kinachotokea ni hivi, basi la kwanza limechelewa kidogo tu, labda mataa, labda mtu kapaki vibaya, sasa kwenye kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi kwa sababu limechelewa, kupakia kunachukua muda, linachelewa zaidi, kituo kinachofuata watu wengi zaidi tena, na lile la nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa watu, halina wa kupakia, linakimbia, linalifikia la mbele. Hii dawa yake sio barabara. Dawa yake ni mtu aliekaa kwenye chumba cha kuongozea anayaona mabasi yote kwenye skrini, ana redio, anamwambia dereva wewe subiri hapo Uhasibu dakika mbili, wewe vuka kituo hiki usisimame wa nyuma atawachukua, wewe geuzia Mtoni rudi mjini huko kumejaa. Na anakuwa na basi mbili tatu za akiba zimewashwa tayari. Ni kazi ya mshahara na vifaa vya kawaida tu, haina utepe wa kukata, ndo maana haipiganiwi.

Jambo lingine ambalo ni pesa tupu imelala chini. Tuseme basi linatoka Rangi Tatu kwenda Gerezani na kurudi kwa dakika 80. Ukitaka lipite moja kila dakika 2 unahitaji mabasi 40, na mengine ya akiba kwa ajili ya gereji. Sasa yakikwama mjini, pale wenye gari ndogo wameingia njiani, mzunguko ukawa dakika 120, ili upate huduma ileile unahitaji mabasi 60. Mabasi 20 zaidi, na madereva wao, na mafuta yao, kwa sababu tu hatukuilinda njia. Kwa hiyo ukimuona mtu amechomekea njia ya mwendokasi usiseme ni gari moja tu lina ubaya gani. Na viongozi wetu naomba kwa heshima zote, mheshimiwa diwani utufikishie, msafara ukipita mle kila siku na wananchi wanajifunza kupita mle.

Nije kwa ndugu zangu wa daladala. Najua mnaogopa. Mnaona mwendokasi imekuja mkate wenu unaondoka. Na wananchi nao wanawalaumu, mnakatisha ruti, mnajaza, mnawakataa wanafunzi, mnakaa kituoni mpaka gari lijae ndo mnaondoka na foleni inajipanga nyuma yenu. Lakini naomba wananchi muelewe kwa nini. Dereva huyu hana mshahara. Asubuhi anachukua gari kwa tajiri, jioni anatakiwa kupeleka hesabu, ikifika haikufika hesabu ni hesabu, mafuta ni juu yake, faini ya trafiki ni juu yake, kinachobaki ndo anagawana na konda. Sasa mtu kama huyu, mwanafunzi mmoja mwenye nauli ya mwanafunzi anakalia siti ya mtu mzima, unategemea atamkimbilia? Akiona foleni Mtoni ageuze akapakie upya au akae saa nzima anachoma mafuta? Mimi nilifanya kazi hiyo, nawaambia mfumo ule unamlazimisha mtu mwema awe mkorofi. Ukitaka dereva aondoke kituoni kwa wakati na ampokee mwanafunzi, mlipe kwa kilomita alizotembea kwa ratiba, usimlipe kwa vichwa alivyojaza. Nauli iingie kwenye mfuko mmoja, wenye magari waungane kwenye kampuni au ushirika, wapewe mkataba, walipwe kwa kazi waliyofanya hata kama siku hiyo mvua imenyesha abiria wachache. Miji mingi iliyofanikiwa imefanya hivo.

Na kazi ya daladala haijaisha, hilo niwatoe wasiwasi. Mwendokasi inapita Kilwa Road. Watu wanakaa Chamazi, Mbande, Charambe, Kijichi, Kongowe. Nani atamtoa mtu Mbande mpaka Rangi Tatu? Hizo gari za kulisha ndo zenu, na tunatakiwa tudai kwa nguvu kwamba zitolewe kwanza kwa waliokuwa njia hii kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa tiketi moja, mtu akipanda Chamazi amelipa mpaka Kariakoo, asichajiwe mara mbili. Maana saivi mwenye kipato kidogo anapiga hesabu ya kulipa mara mbili anaona bora apande bodaboda, au atembee. Na wanaotembea ni wengi sana, barabara za mitaani hazina njia ya miguu, mvua ikinyesha wanaoga matope kabla hawajafika kituoni, hawa huwa hawatajwi kabisa tukiongelea foleni.

Kuhusu trafiki, nawaheshimu, wanasimama juani na kwenye moshi siku nzima. Ila ule utaratibu wa kuzima mataa na kuita upande mmoja dakika kumi, kumi na tano, jamani unatuumiza. Mwanzoni magari yanatoka yamefuatana vizuri, baada ya muda yanakuja kwa kuachiana nafasi kubwa lakini bado yanaitwa, wakati pande zingine tatu foleni inarudi nyuma mpaka inaziba makutano mengine, ambako nako kuna trafiki mwingine anaita magari ambayo hayana pa kwenda. Inatakiwa makutano yaongee, mataa yanayofuatana yapangwe pamoja na yabadilishwe kulingana na saa, na trafiki abaki kwa ajili ya ajali na kwa ajili ya wanaotanua na kupita pembeni. Hiyo ni kazi ya TANROADS wenye barabara kuu, TARURA wenye barabara za mitaani, jiji na polisi kukaa meza moja, na mimi naamini wakikaa inawezekana.

Mtu mmoja alinipa karatasi hapa ameuliza, kwa nini tusizuie tu magari madogo kuingia mjini, au watozwe kama Ulaya? London walianza kutoza 2003 magari yanayoingia katikati ya mji. Lakini waliongeza mabasi kwanza, mtu alieacha gari nyumbani alikuta cha kupanda. Sisi ukimtoza leo mwalimu mwenye kagari kake ka mkopo, ambaye amekanunua kwa sababu alichoka kupigania mlango, utakuwa unamuadhibu kwa kosa la wengine. Mpe kwanza basi la kukaa, lenye hewa, linalofika kwa saa inayojulikana, na wengi watapaki wenyewe, mafuta yanawauma.

Alafu tusisahau jiji lenyewe limekaaje. Sensa ya 2012 tulikuwa watu milioni 4.36, sensa ya 2022 tumekuwa milioni 5.38, zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na wengi wamejenga pembezoni huku kwetu, Chanika, Bunju, Mbezi, Kigamboni. Kazi, soko kubwa, hospitali kubwa na bandari vimebaki kulekule. Barabara kuu za kuingia ni Bagamoyo Road, Morogoro Road, Nyerere Road na hii yetu, zote zinamimina watu sehemu moja saa moja, kama mito minne inayoingia kwenye ndoo. Na malori ya mikoani na nchi jirani yanachangia njia hizohizo na Mandela Road. Ndo maana bandari kavu ya Kwala kule Pwani ni habari njema hata kwa mtu wa daladala, kila kontena linalotoka bandarini kwa reli ni lori ambalo halikai mbele yako Kurasini. Na treni ya mjini nayo, ile tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, iliyoanza 2012, ilionyesha kwamba reli tunazo tayari ndani ya jiji na watu wanazipanda, inatakiwa iongezewe mabehewa na safari, isibaki ya asubuhi na jioni tu. Na Mbagala tudai huduma zije huku, hospitali yenye wataalam, ofisi za serikali, vyuo, kwa sababu safari ambayo haina ulazima wa kufanyika haina foleni.

Sasa tunafanya nini, maana sitaki tuondoke tumeongea tu. Tukienda kwa wakala wa mwendokasi au kwa LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, tukasema tunateseka, watatuonea huruma na kutuambia jambo linashughulikiwa. Tukienda na rekodi ni tofauti. Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi. Mwenyekiti ana madaftari, moja kwa kila kituo kuanzia Rangi Tatu, Kizuiani, Zakhem, mpaka Mtoni. Wiki mbili kuanzia Jumatatu, vijana kumi na wanane waliojiandikisha, na bado nafasi zipo dada zangu mje, watakaa vituoni kwa zamu, saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku. Wanaandika vitu vitatu, basi limefika saa ngapi, limejaa au lina nafasi, watu wangapi wameachwa. Wasibishane na dereva, wasibishane na askari, kuandika tu. Madereva wa daladala mnaopakia njia za ndani mtuandikie na nyie foleni mnaikuta wapi na inachukua muda gani.

Tukishapata hiyo tunaomba kwa barua, kupitia kwa diwani, mambo matatu. Basi kila dakika 2 saa za asubuhi na jioni, na ratiba ibandikwe kituoni ili kila mtu aione. Idadi ya mabasi yanayotoka depo kila siku itangazwe, na yaliyopo gereji yatajwe pia. Na gari za kulisha kutoka Mbande na Kijichi kwa tiketi moja, zikianza na wenye daladala waliopo. Tarehe ya kurudi hapa kusomeana matokeo mwenyekiti atatangaza.

Wanaojiandikisha waje upande huu wa kushoto kwa katibu, mje na namba ya simu na mtaje kituo kilicho karibu na nyumbani kwenu, asije mtu wa Charambe akapangiwa Mtoni saa 11 alfajiri. Maswali nayapokea.